Mhadhara wa Wazi na Filamu za Utamaduni Chuoni: Panga Kutoka Kiti cha Mwisho

Chuo kikuu kikifungua milango kwa umma, ukumbini huingia watu wa aina mbili. Wapo wenyeji, yaani wanafunzi na walimu wanaojua mlango uko wapi na mzungumzaji ni nani, na wasioshtuka wakisikia "urithi usioshikika" bila maelezo. Na yupo mgeni: fundi, mstaafu, mwalimu wa msingi, mtu aliyeona tangazo akavutiwa. Huyu hupotea kidogo kati ya majengo, huchelewa dakika tano, na huishia kiti cha mwisho karibu na mlango. Mhadhara unaitwa wa wazi kwa ajili yake. Kwa hiyo kila uamuzi ulio hapa chini upime ukiwa umekaa kwenye kiti hicho.

Gawa saa kabla ya kualika mtu

Kwa mhadhara, dakika 45 za kuzungumza na 30 za maswali zinatosha. Usimwulize mzungumzaji "utatumia muda gani?" kwa sababu kila mmoja husema "muda mfupi tu". Mwombe asome ukurasa mmoja wa maandishi yake kwa sauti, taratibu, huku akitazama saa. Ukurasa ukimchukua dakika mbili na nusu, basi kurasa 18 ndizo zitakazoingia katika dakika 45. Akija na kurasa 30, tatizo limeonekana wiki tatu mapema, wala si jukwaani.

Mkalimani anayefuata, yaani anayesubiri mzungumzaji anyamaze ndipo atafsiri, hula nusu ya muda. Dakika 45 hubeba maudhui ya dakika 22 au 23 hivi, na mzungumzaji lazima ajue hivyo tangu mwanzo. Wakalimani wa papo kwa papo hufanya kazi wawili wawili na kupokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30, maana akili huchoka haraka kuliko ulimi. Wape maandishi au slaidi siku tatu kabla, pamoja na orodha ya majina ya watu, mahali na vyombo vya utamaduni vitakavyotajwa. Kinachowakwamisha mara nyingi ni majina.

Filamu ya dakika 90 inahitaji dakika 7 za utangulizi na 40 za mjadala. Jumla ni dakika 137. Ukianza saa 12:00 jioni, mnatoka saa 2:17 usiku, na hapo hujaweka kuchelewa. Jiulize kama mgeni wa kiti cha mwisho atapata usafiri saa hiyo. Kama hapana, chagua filamu fupi zaidi au anza mapema. Ukikata mjadala, umebaki na kitu ambacho angeweza kukitazama nyumbani. Na katika barua kwa wageni wa nje na wasambazaji wa filamu, andika 18:00 pamoja na ukanda wa saa. "Saa 12 jioni" iliyotafsiriwa vibaya imewahi kufunga filamu zaidi ya moja, kwa sababu tutakayoifikia.

Kuhusu tarehe: kalenda ya kimataifa ina siku zinazobeba mada zenyewe. Februari 21 ni ya lugha ya mama, Mei 18 ya makumbusho, Mei 21 ya utofauti wa tamaduni, Julai 7 ya Kiswahili, na Oktoba 27 ya urithi wa sauti na picha. Zinasaidia kupata tahariri na wadhamini, lakini siku hizo kila idara ina shughuli yake na wazungumzaji wazuri wamekwishachukuliwa. Siku mbili tatu kabla hufanya kazi vizuri zaidi. Epuka wiki ya mitihani na wiki ya kwanza ya muhula.

Kibali cha kuonyesha filamu

Hapa ndipo waandaaji wengi huteleza. Kununua DVD, kulipia huduma ya filamu mtandaoni, au kuwa na nakala maktabani hakukupi ruhusa ya kuonyesha hadharani. Bei ile ni ya kutazama nyumbani. Katika nchi nyingi sheria inamruhusu mwalimu kuonyesha filamu darasani kwa wanafunzi wake walioandikishwa, kama sehemu ya somo. Ukishabandika tangazo la "wote mnakaribishwa", umetoka darasani, hata kama kiingilio ni bure. Kutotoza pesa hakuondoi haja ya kibali. Huenda kukapunguza ada tu.

Mwenye haki ya maonyesho mara nyingi ni msambazaji. Kwa filamu ndogo za makala huwa ni mtayarishaji mwenyewe, na kwa za zamani huwa ni hifadhi ya taifa ya filamu au kituo cha utangazaji. Majina yao yako mwishoni mwa filamu, pale watu wanapoinuka kuondoka. Andika wiki 8 hadi 10 kabla, na barua iwe na haya yote kwa mara moja: jina la filamu na mwaka wake, urefu na toleo unalolitaka, tarehe na saa, idadi ya viti, kama kuna kiingilio, lugha ya manukuu, nani atazungumza baada yake, na kama mjadala utarekodiwa. Barua inayosema "tungependa kuonyesha filamu yenu" hujibiwa kwa maswali saba, na kila swali hula siku nne.

Usitangaze jina la filamu kabla kibali hakijaandikwa. Neno la simu si kibali. Na kuonyesha ukumbini ni ruhusa moja, kurusha mtandaoni ni ruhusa nyingine kabisa, ambayo wengi hukataa.

Filamu za kale nazo zina mtego wake. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaruhusu nchi kuzilinda filamu kwa angalau miaka 50 tangu zitolewe kwa umma, na nchi nyingi zimeongeza hapo. Hata filamu ikiwa imetoka kwenye ulinzi, muziki mpya uliowekewa au tafsiri yake ya manukuu inaweza kuwa na mwenyewe aliye hai. Vilevile nchi nyingi zina bodi inayopanga filamu kwa daraja la umri, na baadhi hutaka kila filamu ya hadhara ipite huko kwanza. Uliza mapema, maana bodi haina haraka yako.

Jambo la mwisho ni umbo la nakala. Msambazaji akikuambia atakutumia DCP, yaani furushi la sinema za kidijitali, ujue linahitaji seva ya jumba la sinema. Kompyuta ya darasani haitalisoma inavyopaswa. Likiwa limefungwa, litakuja na ufunguo uitwao KDM, uliotengenezwa kwa seva moja tu na kwa muda maalumu. Ufunguo wa kufunguka saa 18:00 ya ukanda mwingine wa saa utakuacha mbele ya watu 200 na skrini nyeusi. Kwa ukumbi wa mihadhara omba faili la video la kawaida la H.264, ambalo karibu kila kompyuta hulicheza, picha ya 1080p. Kwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, dakika 90 ni takriban gigabaiti 13.5. Flashi nyingi huja zikiwa na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja lenye zaidi ya gigabaiti 4. Ndiyo maana kunakili hugoma ilhali flashi ina nafasi tele. Ifomati upya kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, kisha nakili filamu kwenye diski ya ndani ya kompyuta utakayotumia. Flashi ibaki kuwa nakala ya akiba.

Usitegemee intaneti ya chuo kwa filamu ya hadhara. Hata ikiwa na kasi, huduma nyingi za filamu hulinda picha kwa HDCP, yaani kinga dhidi ya kunakili. Adapta ya bei rahisi au kigawanyaji cha zamani kati ya kompyuta na projekta kikishindwa kuitambua, sauti itasikika na picha haitaonekana.

Picha: giza kwanza, lumeni baadaye

Watu hukimbilia kutafuta projekta kubwa yenye lumeni nyingi, yaani mwanga mwingi. Fanya hesabu kwanza. Kipimo cha mwanga wa sinema ni kandela 48 kwa mita ya mraba ya skrini. Zidisha 48 kwa 3.14, kisha kwa eneo la picha. Picha yenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.25 ina mita za mraba 9, kwa hiyo inahitaji kama lumeni 1,360 katika giza kamili na kwenye skrini nyeupe ya kawaida. Projekta ya lumeni 3,000 inatosha na kubaki, hata taa yake ikiwa imezeeka. Taa ya projekta ikifika mwisho wa saa zake zilizoandikwa, hutoa karibu nusu ya mwanga wake wa mwanzo.

Kinachoharibu filamu ni mwanga wa ukumbi wenyewe: dirisha lisilo na pazia zito, taa ya jukwaani isiyozimika peke yake, kioo cha mlango. Mwanga wa nje hauifanyi picha nzima ififie kwa usawa. Unaua weusi. Matukio ya usiku, na utamaduni una matukio mengi ya usiku, hubaki ukungu wa kijivu. Ingia ukumbini saa ileile ya onyesho, siku kadhaa kabla, na uzime taa zote. Ukiweza kusoma gazeti, ukumbi haufai kwa filamu mpaka madirisha yazibwe kwa kitambaa cheusi au karatasi nene.

Sasa nenda kiti cha mwisho. Kanuni ya kusoma maandishi kwenye skrini ni kwamba umbali wake usizidi mara sita ya kimo cha picha. Kimo cha mita 2.25 kinafika mita 13.5. Ukumbi wa kina cha mita 20 unataka picha yenye kimo cha mita 3.3 hivi. Kama skrini haikui, funga safu za nyuma kwa kamba na usogeze watu mbele. Hata hivyo hakuna anayependa kuwa peke yake kule nyuma, na watu 60 waliokaa pamoja wana mjadala bora kuliko 60 waliotawanyika kwenye viti 400.

Kwenye sakafu tambarare, kosa kubwa ni skrini iliyowekwa chini. Jicho la aliyeketi liko kama mita 1.2 kutoka sakafuni, na utosi wa jirani wa mbele kama mita 1.3. Safu zikiachana mita moja, mstari wa jicho unaopita juu ya kichwa kile hupanda sentimita 10 kwa kila mita. Ukiwa mita 10 kutoka skrini, unaona kuanzia mita 2.2 kwenda juu. Manukuu yako chini ya picha, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kufichwa. Panga viti kwa kupishana, kila kiti kikitazama pengo la viti viwili vya mbele, na ukingo wa chini wa picha usiwe chini ya mita 1.4. Ikiwa dari ni fupi, punguza picha na uipandishe. Picha ndogo inayoonekana yote ni bora kuliko kubwa iliyokatwa na vichwa.

Projekta ikiwa pembeni au chini sana, picha huwa kama trapeza na fundi hubonyeza kitufe cha kuinyoosha. Kitufe hicho huinyoosha kwa kutupa sehemu ya nukta za picha. Sogeza projekta yenyewe kwanza. Kujua pa kuiweka, tazama uwiano wake wa umbali: uwiano wa 1.5 maana yake picha ya mita 4 inataka projekta iwe mita 6 kutoka skrini. Na filamu za zamani, ambazo umbo lake linakaribia mraba, ziache na mistari yake miwili myeusi ya kando. Kuzivuta zijae skrini kunawanenepesha wacheza ngoma wote, na wazee waliomo kwenye picha hawastahili hayo.

Waya wa kawaida wa HDMI unaaminika mpaka kama mita 10. Ukizidi 15, picha hukatikakatika. Kwa masafa marefu tumia kisambazaji cha HDBaseT juu ya waya wa mtandao, au HDMI ya nyuzi za mwanga. Hii ya mwisho ina upande wa kompyuta na upande wa projekta, imeandikwa kwenye ncha zake. Iliyopitishwa darini kinyume haitoi picha hata ufanyeje, na fundi atamaliza saa nzima akilaumu kompyuta.

Sauti

Watu huvumilia picha hafifu. Sauti isiyoeleweka hawaivumilii: huanza kunong'onezana, kisha huondoka.

Maiki ya mkononi ikae sentimita 5 hadi 10 kutoka mdomoni. Ya kifuani ibanwe kiganja kimoja chini ya kidevu, mbali na mkufu, skafu au kitambulisho cha kuning'inia, kwa kuwa vyote hivyo hugonga na kukwaruza. Spika ziwe mbele ya maiki kuelekea hadhira. Maiki ikipita mbele ya spika hupiga mluzi, na dawa yake ni kurudi nyuma au kumsogeza mzungumzaji karibu na maiki. Kupunguza sauti ya ukumbi mzima kunamnyima mtu wa mwisho. Weka betri mpya kila shughuli. Za jana zilizobaki zitumie kwenye rimoti.

Ukumbi mtupu hudanganya. Kuta na viti vitupu hurudisha mwangwi, na watu wakijaa nguo na miili hunyonya sauti. Kwenye jaribio, panga sauti iwe juu kidogo ya inavyokupendeza, halafu mtu mmoja akae nyuma muda wote na mpange ishara za mkono.

Filamu nyingi zina sauti ya njia sita, na maneno ya wahusika yako kwenye njia ya katikati. Mfumo wa ukumbi ukichukua kushoto na kulia tu, muziki utatikisa paa na mazungumzo yatasikika kama yanatoka chumba cha pili. Ukikutana na hali hiyo, usiguse miksa. Ingia kwenye programu ya kuchezea filamu na uchague sauti ya stereo, ichanganye njia zote sita kuwa mbili. Kukiwa na mvumo wa umeme, chomoa chaja ya kompyuta usikilize. Ukikoma, chanzo ni chaja: lisha kompyuta na miksa kutoka soketi moja, au pitisha sauti kwenye kisanduku cha DI, kinachozuia mvumo usifike kwenye miksa.

Manukuu

Faili la SRT ni maandishi ya kawaida. Lipe jina sawasawa na la filamu, tofauti ikiwa herufi za mwisho tu, na uliweke kwenye folda moja nayo. Lihifadhi kwa UTF-8, la sivyo herufi zenye alama hugeuka maswali na miraba. Mistari isizidi miwili, kila mmoja usivuke herufi 42 hivi, na maandishi yakae angalau sekunde moja. Kiswahili huunganisha mengi katika neno moja refu, kwa hiyo mtafsiri afupishe kwa kuacha yale ambayo picha inayasema. Nyimbo na methali zinahitaji muda zaidi wa kusomwa kuliko mazungumzo.

Manukuu yakianza sawa na kuachwa nyuma kidogo kidogo hadi mwishoni, sababu ni kasi ya fremu: filamu ni ya 25 kwa sekunde na manukuu yalitengenezwa kwa nakala ya 24. Yakizidi kutangulia badala ya kuachwa, ni kinyume chake. Kuyasogeza sekunde mbili hakutasaidia. Yanyooshe yote kwa programu ya manukuu inayobadilisha kasi. Yakichelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, hapo kusogeza kunatosha.

Tazama filamu nzima na manukuu yake kabla ya siku, si dakika tano za kwanza. Pengo huwa katikati.

Filamu za kale na watu waliomo

Filamu za utamaduni mara nyingi zilipigwa na mgeni, zikaandikwa maelezo na mgeni, zikahifadhiwa mbali. Wanaoonyeshwa, au watoto wao, wanaweza kuwa wameketi ukumbini. Hili linadai kazi ambayo filamu nyingine hazidai.

Tafuta watu wawili watatu wa jamii inayoonyeshwa na uwaonyeshe filamu faragha, angalau mwezi mmoja kabla. Usiwaulize "mnaipenda?" Waulize mambo mahususi: kuna ibada hapa isiyopaswa kuonwa na wanawake, wanaume, watoto au wasiopitia jando na unyago? Kuna kitu kitakatifu, kaburi au mwili wa marehemu? Kuna mtu aliyepigwa picha katika hali ya kumdhalilisha? Majina yaliyotajwa ni sahihi? Wakisema sehemu fulani isionyeshwe, mwandikie mwenye filamu akuruhusu kuruka dakika hizo, na uitangazie hadhira kuwa sehemu imerukwa na kwa nini. Kukata kimyakimya humkosea mtengenezaji na kuwadanganya watazamaji. Nchini Australia, vituo vya televisheni na makumbusho vimezoea kutoa tahadhari kabla ya kuonyesha sauti au picha za Waaborijini waliofariki. Ni sentensi moja tu, na inampa mtu nafasi ya kutoka nje kwa heshima.

Sauti ya msimulizi wa zamani inaweza kuwa na maneno ya kudharau. Usiizime. Katika utangulizi sema ilitengenezwa lini, kwa ajili ya nani, na nani alilipa, kisha acha watu wasikie wenyewe.

Halafu itumie hadhira. Kumbukumbu za filamu zina makosa mengi ya mahali na majina, kwa kuwa aliyeandika lebo hakuwepo au hakuijua lugha. Chapisha kadi ndogo zenye nafasi nne: dakika na sekunde, unachokiona, nani au wapi, na umejuaje. Weka saa ya filamu ionekane kwenye kona ya picha kama mwenye haki ameruhusu, vinginevyo msaidizi ataje muda mambo yakisimama. Gawa kadi pamoja na penseli, kwa sababu kalamu huisha wino gizani na mtu hajui. Bibi mmoja anayeitambua ngoma kwa mapigo yake, au aina ya kanga iliyovaliwa, atakusahihishia lebo iliyokosewa kwa miongo. Asiyeandika apewe mtu wa kumwandikia.

Tangazo na mzungumzaji

Barua ya mwaliko iseme posho, nauli, malazi, muda wa kuzungumza, aina ya hadhira, na kama atarekodiwa. Mwombe muhtasari wa maneno 150, wasifu wa maneno 80, na picha safi, vyote wiki sita kabla.

Bango liwe na jina la jengo, mlango upi, ghorofa ya ngapi, kama kuna ngazi tu au pia lifti, bure au kwa kiingilio, lugha ya mhadhara, na saa ya kumalizika. Saa ya kumalizika husahaulika, na ndiyo inayoamua kama mzazi atakuja. Kichwa cha kitaaluma chenye nukta mbili na mistari mitatu kiache kwenye jarida. Wanaojiandikisha bure hawaji wote, kwa hiyo hesabu waliofika kila mara uone chuo chenu hupoteza kiasi gani kabla ya kukataa watu mlangoni. Siku yenyewe mishale ianze lango kuu. Mlangoni pa ukumbi imechelewa.

Siku yenyewe

Saa tatu kabla, washa kila kitu kwa pamoja, maana vifaa vinavyokubali kimoja kimoja hukataana vikiwa pamoja. Kwenye kompyuta zima masasisho, taarifa za ujumbe na kulala kwa skrini, na uhakikishe sauti inatokea HDMI. Cheza filamu dakika mbili za mwanzo, mbili za katikati na mbili za mwisho. Kisha isimamishe kwenye fremu nyeusi ya kwanza, na mtu asiiguse tena. Nyaya zinazokatiza njia zifunikwe kwa utepe mpana. Milango ya dharura ijaribiwe kwa mkono, isiwe na kufuli, na njia kati ya viti ibaki wazi hata watu wakizidi.

Mkalimani wa lugha ya alama asimame karibu na mzungumzaji, awe na taa yake inayobaki wakati taa nyingine zikizimwa, na viti vya mbele upande huo vitengwe.

Anza si zaidi ya dakika tano baada ya saa iliyotangazwa. Hotuba za ufunguzi ndizo wezi wa muda. Kila kiongozi akisimama kusema "itifaki imezingatiwa" na kisha kuanza kuizingatia upya, mhadhara wa 45 unabaki 25. Mkubwa mmoja asalimie kwa dakika tatu, wengine watambuliwe wakiwa wameketi. Mtambulishaji wa filamu asisimulie kisa. Aseme vitu vitatu vya kuangalia, ashuke.

Maswali

Filamu ikiisha, acha majina yapite, taa zipande taratibu, na mjadala uanze ndani ya dakika mbili. Ukipanga meza na viti kwa dakika kumi, nusu ya ukumbi itakuwa imetoka. Jukwaani watu wawili au watatu wanatosha. Watano hutoa hotuba tano.

Mwenye kubeba maiki asiiachie. Aishike yeye, mwulizaji aongee. Mkononi mwa mwulizaji, swali hugeuka mhadhara wa pili. Mwenyekiti wa kikao aseme mapema: swali moja, dakika moja. Akusanye matatu matatu, na la kwanza litoke safu za nyuma. Ukianza na profesa wa safu ya mbele, lugha ya kikao inapanda na mgeni hanyanyui tena mkono. Pitisha pia vikaratasi kwa wasiopenda kusema hadharani, na uvisome kweli. Mwulizaji akiongea bila maiki, mwenyekiti arudie swali lake, kwa ajili ya walio nyuma na ya rekodi.

Kurekodi: chukua sauti kutoka kwenye miksa, kwa kuwa maiki ya kamera husikia mwangwi na vikohozi. Zima kamera wakati filamu inacheza. Weka tangazo mlangoni kwamba mjadala unarekodiwa, na utenge safu zisizoonekana kwenye kamera.

Ndani ya wiki moja

Hesabu ya waliokuwepo ichukuliwe mara tatu: mwanzoni, katikati, na wakati wa maswali. Tofauti ya pili na ya tatu inakuonyesha kama saa ya kumaliza ilikuwa mbaya. Mpelekee mwenye haki idadi aliyotaka, futa faili la filamu kwenye kompyuta kama kibali kilivyosema, na urudishe diski kwa njia yenye risiti. Mlipe mzungumzaji kabla hajaulizia. Slaidi zake usizitoe mtandaoni bila ruhusa, na hakikisha picha zilizomo ndani yake zinaruhusiwa, maana kilichovumilika ukumbini kinaweza kudaiwa mtandaoni.

Kadi za watazamaji ziandikwe kwenye jedwali moja, kila mstari na dakika yake, zipelekwe kwa hifadhi inayomiliki filamu, na nakala ibaki maktaba ya chuo. Waliotaja majina waulizwe kwanza kama wanakubali kutambuliwa kuwa ndio chanzo.